Mama Aliyeshangilia HAPANA

Mtu wa kwanza, na mpaka leo wa pekee, niliyemwona akipiga vigelegele kwa sababu kazi imeharibika alikuwa mkuu wangu wa kazi pale Dodoma. Vilikuwa vigelegele vya harusini kabisa, ulimi unacheza na kiganja mdomoni, mpaka wahasibu wa chumba cha pili wakaja mlangoni kuuliza nani kaolewa. Hakuna aliyeolewa. Kompyuta ilikuwa imeandika neno HAPANA kwenye kioo cheusi, na Mkuu, kama tulivyomwita sote, alikuwa amelipata kosa alilolitafuta msimu mzima.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema. Huu si wasifu wa marehemu, na mwenyewe maswali hayo hakuyapenda. Ukimuuliza, "Mama, kwani wewe ni mwenyeji wa wapi?" alikujibu, "Wa hapa ninapokaa," na mazungumzo yakaishia hapo. Ninachojua ni kwamba alifundisha hesabu shule ya wasichana kwa miaka mingi kabla hajakutana na kompyuta, na ualimu haukumtoka. Alikuwa mnene, mrefu, mwenye sauti, na anayejipenda. Vitenge vyake vilishonwa na fundi mmoja tu wa mtaa wa Area D, na ole wako umwambie umemwona mwingine amevaa kama yeye.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Mashirika yanauzwa, ofisi zinapunguza watu, na mjini kila mtu ameshika roho mkononi akisubiri zamu yake. Sisi tulikuwa kitengo kidogo ndani ya mradi wa chanjo ya mifugo: chumba kimoja, kompyuta mbili, feni inayolalamika, na watu watatu, yaani Mkuu, fundi wa mitambo, na mimi niliyetoka chuoni juzijuzi nikidhani najua kitu. Kazi yetu ilikuwa programu aliyoiandika Mkuu mwenyewe. Iligawa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ikiwaambia madaktari wa mifugo sanduku lipi liende kijiji kipi. Chanjo ile husafiri kwenye barafu, na chupa ikishachanganywa lazima iishe siku hiyohiyo au imwagwe. Sanduku likipelekwa pasipo na ng'ombe, chanjo inamwagwa, na kule waliko ng'ombe wanakufa. Kwa hiyo hatukuwa tunacheza.

"Programu," aliniambia siku yangu ya kwanza, kabla hata sijapata kiti, "ni kundi la wavivu wanaosingiziana. Ukiwauliza kwa pamoja watakudanganya kwa pamoja. Mwite mmojammoja, mpe swali ambalo jibu lake unalijua, umsikilize."

Ndiyo ilikuwa njia yake yote ya kufanya kazi. Kila kipande cha programu, hata kile cha kujumlisha tu chupa, alikiandikia jaribio lake dogo la pekee. Jaribio lilikiuliza kipande swali moja na kulinganisha jibu. Hakutaka vidirisha wala picha. Alikaa mbele ya kioo cheusi chenye herufi nyeupe, akaandika amri mbili alizozipa majina yeye mwenyewe. Ya kwanza ni "jenga," inayochukua tulichokiandika na kukigeuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Ya pili ni "pima," inayoita majaribio yote, moja baada ya jingine. Jaribio likipita, mashine iliweka nukta. Likikataa, iliandika HAPANA, na mbele yake jina la jaribio na jibu la uongo lililotolewa. Nukta zikifika mwisho salama, ilimalizia na SAWA. Kwa mwaka wa kwanza maneno hayo mawili ndiyo niliyoyaota usingizini.

Alichapa kwa vidole viwili, kwa nguvu, kana kwamba anapasua karanga, na karanga hazikukosa mezani pake. Majaribio aliyapa majina ya watu waliowahi kulalamika, au ya vijiji vyao. Palikuwa na jaribio la daktari wa Mpwapwa, aliyepelekewa masanduku mengi kuliko gari lake lilivyoweza kubeba. Palikuwa na jaribio la kijiji chenye jina sawa na kijiji cha wilaya nyingine. Lalamiko likija ofisini, watu wengine wanakunja uso. Yeye alivuta kiti, akamwambia mlalamikaji, "Kaa hapa baba, anza mwanzo, usiniruke kitu."

Na sheria yake kubwa, ile iliyonitoa jasho, ilikuwa kwamba jaribio jipya lazima kwanza likatae. Nilipomletea jaribio langu la kwanza, limepita vizuri, nukta safi, hakunisifu. Aliniuliza, "Umeliona likikataa?"

"Hapana mama, limepita mara ya kwanza."

"Basi hulijui. Huenda ni mlinzi amelala mlangoni na wewe unasema wezi hakuna. Nenda kaiharibu programu makusudi, uone kama atapiga kelele."

Nikaiharibu. Jaribio langu likaendelea kuweka nukta kwa raha zake, kumbe halikuwa linapima chochote. Nilitamani ardhi inimeze, naye alikuwa anacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Tabia hiyo hakuiacha ofisini. Hoteli mpya ikifunguliwa mjini, Mkuu aliagiza chai ya rangi, chai tupu. "Wakikosea chai," alisema, "pilau lao nalifuatia nini?" Fundi bomba akija kwake, alimpeleka kwanza kwenye bomba zima na kumwambia linavuja. Akianza kulitengeneza alimtoa na mfuko wake. Sokoni alimuuliza muuza nyanya habari za gunia ambalo yeye mwenyewe alilinunua asubuhi, asikie tu atasema nini. Kutembea naye sokoni ilikuwa mateso, sikufichi. Mchana mmoja niliondoka nikamwacha anabishana na muuza dagaa, na Jumatatu hakukumbuka kwamba niliondoka.

Sasa usije ukadhani alikuwa mtu wa kujikagua. Gari la mradi aliliendesha bila kutazama mafuta hata siku moja, na limetuzimikia njia ya Haneti mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, juani, katikati ya miiba, huku yeye akishangaa kabisa kama mtu aliyeonewa. Kanisani aliimba sauti ya pili, na aliikosa. Mwalimu wa kwaya, kijana mpole, alijaribu siku moja kumwomba aimbe peke yake kidogo ili wasikilize tatizo liko wapi. Mkuu alimtazama tu. "Mimi naimba na kundi," akasema, na kwaya ile ikaendelea kukosa sauti kwa miaka. Nilipomkumbusha habari ya wavivu wanaosingiziana, alinituma nikanunue wino wa printa, na wino ulikuwepo kabatini.

Lakini nirudi kwenye vigelegele. Msimu ule masanduku yalikuwa yanarudi na chupa ndani. Daktari anakwenda kijijini na chanjo ya mazizi mazima, anakuta ng'ombe wachache, anamwaga iliyokwisha kuchanganywa. Wiki hiyohiyo kijiji kingine ng'ombe wamejaa na chupa zimekwisha. Madaktari walisema wafugaji wanaficha mifugo. Wakubwa wa mradi walianza kusema ni programu ya Mkuu, na minong'ono ilikuwa imeshaanza kwamba itanunuliwa nyingine, ya kisasa, kutoka Dar es Salaam. Majaribio yetu yote yalikuwa yanaweka nukta. Mkuu alikuwa hali karanga, na hapo nikajua mambo si shwari.

Ndipo akaja yule mfugaji wa Haneti. Alikuwa mtu wa makamo, mkali, na fimbo hakuiacha nje. Alitusalimu kwa Kigogo, Mkuu akamjibu mbukwa, wakakaa.

"Daktari amekuja kwangu na sanduku," alisema. "Zizi halina kitu. Amesema mimi naficha ng'ombe. Mimi nimfiche ng'ombe wapi, chini ya kitanda?"

"Kwa nini zizi halina kitu, baba?"

"Ng'ombe wangu wanakaa kwa rafiki yangu, Mvumi."

"Umemuuzia?"

"Nimuuzie kwa nini? Ni wangu. Anakamua, anakunywa maziwa, wanabaki wangu. Na wa kwake wengine wako kwa mtu mwingine." Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ukiweka wote zizi moja, siku ugonjwa ukija utabaki na nini?"

Mimi nimekulia mjini, jambo hilo nilikuwa silijui. Mkuu alilijua tangu utoto, nina hakika, ila hakuna aliyekuwa amelisema mbele ya kompyuta. Programu yetu ilimhesabu kila ng'ombe nyumbani kwa mwenyewe. Watu wa uwanda huu wamegawa mifugo yao kwa marafiki ili ugonjwa usiwamalize, na sisi wenye dawa ya ugonjwa tulikuwa tunaifuata mifugo mahali isipokuwepo.

Mkuu akageukia kibodi. Aliandika jaribio mbele ya yule bwana, akimsomea kwa sauti: ng'ombe mmoja, mwenyewe wa Haneti, analala Mvumi, sanduku liende wapi? Jibu linalotakiwa ni Mvumi. Akaandika jenga. Akaandika pima. Nukta zikaja zikaja, halafu: HAPANA. Programu inasema Haneti.

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka. Mfugaji wa watu akasimama na fimbo yake.

"Mama, umefurahia nini?"

"Baba, wewe umesema kweli kwa mdomo wako," alimwambia huku akijifuta macho, "na hii imekiri yenyewe kwamba ilikuwa inasema uongo. Uongo ukishakiri, umebaki nini? Ni kuunyoosha tu."

Aliunyoosha siku hiyohiyo. Alifanya programu imtafute rafiki anayemtunza ng'ombe na kupeleka sanduku nyumbani kwa rafiki huyo. SAWA ikatoka. Lakini wakubwa walikuwa wameshaita kikao.

Kikao kilikuwa cha kuchagua. Wafadhili walimtuma mtathmini wao, mwanamke wa Dar es Salaam, mtulivu, asiyecheka ovyo. Alikuja pia muuzaji wa ile programu ya kisasa, kijana mtanashati mwenye adabu, aliyempa Mkuu shikamoo yake kabla ya kufungua mkoba. Ilijulikana wazi: ikichukuliwa ya kwake, kitengo kinafungwa na sisi watatu tunakwenda nyumbani. Na Mkuu, kana kwamba hayo hayatoshi, alimwalika yule mfugaji.

"Mama," nilimwambia, "siku ya hukumu humleti mtu wa maswali."

"Siku ya hukumu ndiyo siku ya maswali, binti yangu. Mletee kiti kizuri."

Kijana wa Dar alianza. Programu yake ilikuwa na ramani za rangi, unabofya kijiji kinafunguka, ng'ombe wadogo wanatokea. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo, hata mimi niliipenda. Halafu Mkuu akawasha kioo chake cheusi. Niliwaona wakubwa wakitazamana. Akaandika jenga, akaandika pima, nukta zikajipanga, SAWA.

"Hizo nukta ni nini?" aliuliza mtathmini.

"Kila nukta ni mtu aliyewahi kunilalamikia. Hapo umeona wote wamejibiwa upya, sasa hivi, mbele yako."

Mtathmini aliandika kitu. Ndipo mfugaji akainua fimbo kidogo, kama mwanafunzi.

"Mimi nina swali. Rafiki yangu wa Mvumi amehamia Bahi kufuata majani. Ng'ombe wangu amekwenda naye. Dawa itapelekwa wapi?"

Nilifunga macho. Mkuu akavuta kibodi.

"Sijui," akasema. "Tuiulize."

Akaandika jaribio lenyewe pale mezani, vidole viwili, chumba kizima kinasikiliza kibodi. Jenga. Pima. HAPANA. Programu inasema Mvumi, na huko Mvumi hakuna tena ng'ombe wala rafiki. Mkurugenzi wa mradi alijikuna shingo. Kijana wa Dar aliinamisha macho, kwa huruma nadhani, maana alikuwa na moyo mzuri.

Na Mkuu akapiga vigelegele. Ndani ya ukumbi wa mikutano, mbele ya wafadhili, kitenge kipya mwilini.

"Nimelikosea mimi hili," alisema akiwageukia. "Nilikuwa namuuliza ng'ombe yeye ni wa nani, kisha nikamuuliza anatunzwa na nani. Ng'ombe anachanjwa anapolala. Ilikuwa niulize hilo tu." Akaanza kufuta. Hakuongeza mistari, alifuta mingi, yake mwenyewe, ile aliyojivunia siku chache tu kabla, akaacha michache. Akaandika pima.

HAPANA. Programu inasema Mvumi.

Mkuu alisogeza uso karibu na kioo, akasoma mistari yake, akasoma tena. Mtathmini alitazama saa yake. Mimi nikaviona vidole vyake viwili vimekaa kwenye kibodi, nikakumbuka vilichoandika. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, hujajenga."

Alicheka kwa sauti. "Nimesahau kujenga," aliwaambia wote, bila kuona haya hata kidogo. "Nimeandika dawa mpya, halafu nikapima mgonjwa aliyekunywa ya zamani. Ngoja." Jenga. Pima. Nukta, nukta, nukta, mpaka ya mwisho, na SAWA. Mfugaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, ingawa kusoma alikuwa hajui. Alisema amejua kwa kumwona mama amekaa vizuri.

Mtathmini alimgeukia kijana wa Dar. "Ya kwako ingejibu nini?"

"Huenda ingejibu vizuri," alisema yule kijana, na kwa hilo nilimheshimu. "Ila hapa sina namna ya kuiuliza. Ningewaandikia walioitengeneza."

"Programu yako nzuri sana, mwanangu," Mkuu alimwambia. "Waambie tu waiwekee mlango wa maswali."

Kitengo hakikufungwa. Tulibaki wote watatu, na feni mpya tukapewa. Msimu uliofuata masanduku yalikwenda Haneti yenye ng'ombe wachache, yakaenda Mvumi, yakaenda Bahi kwenye majani, na yaliporudi yalirudi matupu. Daktari mmoja aliyekuwa akitusema vibaya aliyapanga ukutani kwetu, moja juu ya jingine, yote yamefunguliwa vifuniko ili tuone, na Mkuu alipita mbele yake na kitenge chake kama anakagua gwaride. Nilijisikia nimekuwa mrefu. Mfugaji wa Haneti alikuja na kibuyu cha maziwa mgando kwa ajili ya ofisi nzima, na lalamiko jipya kuhusu ndama. Akavutiwa kiti.

Alistaafu baadaye, kwa sherehe aliyoisimamia mwenyewe, na mimi nikahamia kazi nyingine. Miaka ilipita hatujaonana. Halafu juzi hizi nilikwenda Chimwaga, chuoni, kwenye mahafali ya mtoto wa dada yangu, na katikati ya majoho nikasikia mtu anambishia mpiga picha. Niliijua sauti kabla ya kugeuka. Amepungua mwili, anatembea na mkongojo, kitenge kimenyooka kama zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa," alisema, akaniketisha kwenye benchi.

Tuliongea mengi, ila moja nililichelewesha. Nilijua jambo ambalo nilihisi yeye halijui. Ile programu yake ilikuwa imetupwa. Mradi umekuwa ofisi kubwa, vijana wamekuja na mashine zao, wameandika nyingine kuanzia mwanzo, na ya Mkuu imezimwa, hata mstari mmoja haukubaki. Nilipoambiwa niliumia kama nimefiwa. Mwishowe nikaona bora alisikie kutoka kwangu kuliko kwa mpita njia. Nikamwambia, polepole, huku nikimshika mkono.

Hakuutoa mkono. Alitazama mbele, kwenye watoto wenye majoho.

"Wameifuta yote?"

"Yote, mama."

"Na majaribio?"

"Majaribio hapana. Hayo waliyahamisha kwanza, kabla hawajaandika kitu. Kiongozi wao ameweka sheria: hakuna kijana anayeruhusiwa kugusa programu mpya mpaka yote ya zamani yamepita. Kila asubuhi yanaendeshwa. La Haneti, la Bahi, la daktari wa Mpwapwa. Vijana wanayaogopa. Hawajui nani aliyeyaandika, wanasema tu kuna mtu alikuwa msumbufu."

Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, halafu kicheko kikamjaa mpaka mkongojo ukamwanguka na mimi nikauokota. Akaupokea, akarekebisha kitenge chake begani, akainua kidevu.

"Kumbe bado niko kazini," akasema, "na pensheni nakula."